Shukrani kwa Wazee Watano

Mkufunzi alinirudishia utafiti wangu ukiwa umejaa wino mwekundu kila ukurasa, na mwisho kabisa, chini ya hitimisho, ameandika kwa herufi kubwa: SHUKRANI ZIKO WAPI? Nilikasirika, nikaenda kukaa nyuma ya bweni peke yangu. Mtu kidole kimeota sugu kwa kuandika, mwenzako anauliza shukrani!

Tulikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, Korogwe, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini. Kila mwanachuo alitakiwa kwenda kwao wakati wa likizo, aulize habari za watu wake, arudi aziandike, asahihishiwe, aandike upya, halafu asimame ukumbini azisome mbele ya wenzake, wakufunzi na mgeni kutoka wilaya anakotoka. Usipopita hapo huna cheti, hata kama hesabu umepata zote. Mimi kwetu ni Handeni, Mzigua wa baba na mama, na kichwa cha utafiti wangu kilikuwa kilimo cha wazee kabla na baada ya kuhamia kijijini. Binti mmoja wa Bungu, tuliyelala vitanda vya jirani, alikuwa akiandika habari za migomba ya kwao milimani. Nilimcheka sana. Nikamwambia, "Umeona wapi ndizi ikafanyiwa utafiti?" Akanijibu kwamba afadhali ndizi, kwa sababu haisemi.

Katika likizo niliwahoji wazee watano. Nilianza na mkubwa kuliko wote, nikashuka mmoja mmoja mpaka mdogo wao. Hilo sikufundishwa chuoni. Kwetu ukikuta wazee wamekaa unaanza shikamoo yako kwa mkubwa, unashuka hivyo hivyo, na ukimruka mtu utasikia watu wakiulizana huyu kalelewa na nani. Ningemwendea wa nne kabla ya wa tatu, wa tatu asingefungua mdomo wake mwaka mzima.

Huyo wa tatu alikuwa baba mkubwa wangu, kaka wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Nilimkuta barazani kwenye nyumba mpya aliyopewa, nyumba ya mstari, zote zimetazama barabara. Nilimuuliza maswali yangu kutoka kwenye daftari, naye akawa anajibu vifupi vifupi, ndiyo, hapana, Mungu anajua. Mwisho akanichoka. Akatazama huku na huku, akaniambia, "Mwanangu, huu udongo wa hapa ni mchanga mtupu. Mimi kule mahame sijaacha kulima. Nina mihogo, nina mahindi, nina dungu la kulindia ngedere na kihenge kimejaa. Unadhani ugali unaokula humu unatoka wapi?"

Mahame ni pale tulipohama, na amri ilikuwa kwamba pamekwisha kuwa pori. Mtu haruhusiwi kulima kule, sembuse kuweka chakula. Nilisita kuandika. Akaniona.

"Andika," akasema. "Hao wakubwa nao wajue kwamba ardhi haiwi nzuri kwa kuamriwa. Ila mimi usiniandike."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, katika utafiti watu hawatajwi majina. Nilisema kwa sauti ya kisomi kabisa. Akafurahi, akanielezea kila kitu, mpaka kijito anachovuka na siku anazokwenda, na mimi nikaandika kila kitu. Katika karatasi wale wazee niliwaita Mzee wa Kwanza, Mzee wa Pili, mpaka Mzee wa Tano. Nikajiona mjanja.

Sasa mkufunzi anataka shukrani. Alikuwa mtu wa kule ziwani, mpole wa maneno, mkali wa kalamu. Nilipokwenda ofisini kwake kujitetea kwamba ukurasa wa shukrani hautaongeza elimu yoyote, alicheka. Akaniuliza, "Umekula ugali wa wale watu?" Nikasema ndiyo. "Umechukua maneno yao?" Ndiyo. "Halafu unaondoka bila asante? Nyinyi Wazigua mnaishije?"

Hapo alinichoma. Nilirudi bwenini nikaandika shukrani ambazo nadhani chuo kile hakikupata kuona mfano wake. Kila mzee nilimtaja kwa jina lake, jina la baba yake, na mahali alipozaliwa, ili yeyote atakayesoma ajue nimetoka kwa watu. Nani aanze, nani afuate, sikufikiri hata kidogo. Nilianza na mkubwa, nikashuka. Baba mkubwa nilimwandika wa tatu, na jina lake likanipendeza kulitazama.

Nilirudia kuandika kazi yote mara tatu. Mkufunzi alifuta, mimi nikaandika. Alisema sura ya pili ni ndefu, nikaipunguza. Alisema hitimisho halina kitu, nikalitia kitu. Maneno ya Mzee wa Tatu hakuyagusa. Pembeni yake aliandika "Safi sana," na mimi kwa ile "safi sana" nililala usingizi mzuri. Karani wa chuo, kijana wa kambi za mkonge kule Mnyuzi, akakata stensili, akikosea anapaka dawa yake nyekundu anapuliza, anaendelea, huku akilalamika kwamba majina ya wazee wangu ni marefu kuliko utafiti wenyewe. Nakala zikatolewa. Moja ilitangulia wilayani kwetu pamoja na barua ya kumwalika mgeni, maana ndiko nilikopata kibali cha kuhoji watu.

Siku yangu ilipofika ukumbi ulijaa. Joto la Korogwe la kabla ya mvua, mabati yanalia juu, watu wanajipepea kwa madaftari. Mgeni alikaa meza ya mbele, mtu wa makamo, mtaratibu, ana penseli nyuma ya sikio utadhani fundi seremala. Wala hakunitisha. Nilisoma vizuri, sauti ikatoka. Nilipofika kwa Mzee wa Tatu nilisoma vizuri zaidi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na utamu: mzee anayevuka kijito alfajiri na jembe begani kwenda kulima alikokatazwa, halafu anarudi kuitikia jina kwenye shamba la pamoja. Watu waliacha kujipepea. Nilisikia raha, siwezi kusema uongo.

Yakaja maswali. Mkufunzi mmoja aliuliza habari za mbegu, nikamjibu. Mwenzangu mmoja akauliza kitu cha kijinga, akazomewa. Kisha mgeni akainua nakala yake, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Hongera, binti," akasema. "Nina swali dogo tu. Hawa wazee uliowashukuru hapa mwanzo, umewapanga kwa utaratibu gani? Naona si kwa alfabeti."

Nikatabasamu. Hilo nalo ni swali! "Nimewapanga kwa umri, mzee. Mkubwa kwanza. Na hivyo hivyo ndivyo nilivyowahoji. Kwetu mkubwa harukwi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkufunzi wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mgeni akasema, "Umelelewa," akachukua penseli yake, akaweka alama ndogo pembeni ya jina la tatu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale mezani, nikaiona ile alama. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mtume!

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Mkufunzi aliniuliza kama nina la kuongeza, tena aliuliza mara mbili. Ningeweza kusema kwamba maneno ya Mzee wa Tatu si ya mtu mmoja, nimeyaokota hapa na pale. Ningeweza kusema nimeyatunga. Lakini aliyetunga utafiti alifukuzwa, tulishamwona mmoja akibeba sanduku lake kwenda stesheni huku analia. Nikasema, "Sina la kuongeza." Mikono ilikuwa imeanza kufa ganzi kwenye ncha za vidole, ganzi ikapanda mpaka mabegani, na mwisho nikawa sisikii kitu chochote, si hofu, si majuto. Niliwashukuru waliohudhuria. Nikaenda kula. Ilikuwa ugali na maharage, nikamaliza sahani nzima nikaongeza.

Nilipita vizuri. Alama zangu zilibandikwa ubaoni, na yule binti wa Bungu alinikumbatia akaniambia nimewafunga midomo. Kutoka siku ile mpaka tulipofunga chuo zilipita wiki kadhaa, na katika wiki hizo nilijiambia ningeandika barua nyumbani kumwonya baba mkubwa. Sikuandika. Barua zake alikuwa akisomewa na balozi wetu wa nyumba kumi, na nilijiambia haifai kumwandikia mtu siri ikasomwe na balozi. Hicho kilikuwa kisingizio, nakisema leo. Lori la Handeni lilipita pale njia panda kila juma, na mimi miguu ninayo.

Nilipofika kijijini na cheti changu, baba mkubwa alikuwa barazani anasokota kamba. Shikamoo, marahaba. Akakipokea kile cheti, akakigeuza juu chini, akakirudisha juu, akacheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani pengine hakuna kilichotokea. Mama mkubwa ndiye aliyenieleza jikoni. Mgambo walikwenda mahame asubuhi moja, moja kwa moja bila kuuliza njia, wakavuka kijito palepale anapovukia. Dungu walilitia moto. Kihenge walikifungua, mahindi yakaenda kwenye ghala la kijiji. Baba mkubwa alisimamishwa mbele ya mkutano, mtu mzima na mvi zake, aeleze kwa nini anawahujumu wenzake. Alisimama juani tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

"Nani aliwaonyesha?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza. Sikuwa na haya.

"Na wewe unauliza? Nani mwingine kama si balozi! Yeye ndiye aliyekuwa akimwona anavyovuka."

Nilikuwa nakoroga mboga. Nikaendelea kukoroga.

Balozi na baba mkubwa waliingia jandoni siku moja, wangali watoto wadogo. Kwetu waliotoka jando moja ni zaidi ya ndugu. Mmoja akikuta mwenzake anakula, ananawa mikono anakaa, hangoji karibu. Balozi aliapa kwa Mungu na Mtume wake kwamba hakusema neno. Alikuja mara tatu mpaka uani kwetu, na mara zote tatu baba mkubwa aliingia ndani akafunga mlango. Akakata mguu kwake. Msikitini mmoja akisimama kulia mwa safu, mwingine anakwenda kushoto kabisa. Watu wakaanza kumkwepa balozi taratibu, hawamwambii kitu, ila wakimwona anakuja mazungumzo yanakatika. Alikonda yule mzee. Nilikuwa nikimwona, namwamkia, ananiitikia vizuri, ananiuliza habari za kazi, nami nampa habari za kazi.

Maana kazi niliipata palepale kijijini. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri nikafundisha kisomo cha watu wazima. Wiki ya kwanza tu baba mkubwa akaja kujiandikisha. Herufi za Kiarabu alizijua tangu madrasa ya utotoni, lakini hizi nyingine alikuwa akizitazama tu. Akaniambia mbele ya darasa zima, "Sitaki tena kusomewa na mtu. Na nikishajua, cha kwanza nitasoma kile kitabu chako ulichonitaja."

Kitabu alichosema ni ule utafiti. Nakala yangu niliyorudi nayo alikwisha kuniomba, akaiweka katika sanduku lake pamoja na msahafu na kanzu ya Idi. Alijua jina lake limo ukurasa wa mbele kwa sababu mimi mwenyewe nilimwonyesha kwa kidole, siku ile ya cheti, nikitafuta la kusema.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilimchelewesha. Alikuwa mwepesi kuliko wote darasani, mwezi haukwisha akawa anaunganisha silabi peke yake, na mimi nikamrudisha nyuma. Nikamwambia hajashika vizuri, arudie kitabu cha kwanza. Akarudia. Akamaliza, nikamwambia mwandiko wake haujanyooka, aanze tena na herufi. Wenzake walisonga mbele yeye akabaki anachora "a" na "e" kwenye kibao, bila kulalamika, akisema mwalimu ndiye anayejua. Wengine walimtania, "Mwenzetu umeolewa na kitabu cha kwanza!" Alicheka nao. Mimi nikasimama mbele na chaki, nikiwatazama wakicheka, na moyoni kweupe, hakuna kinachotembea.

Karatasi yenyewe nilishafikiria kuiiba. Sanduku halikuwa na kufuli. Siku moja wametoka wote nililifungua, nikaishika, nikaona amelifunga lile jalada kwa kitambaa cheupe. Nikaifunga tena, nikairudisha. Usinisifu. Niliogopa tu kwamba ataniuliza iko wapi.

Kusoma hakuzuiliki. Alijifunza kwenye magunia ya mbolea, kwenye matangazo ya ofisi ya kijiji, kwenye vibao vya vijana. Alasiri moja katika mwaka wa pili hakuja darasani, nami nikajua. Niliwaachia wanafunzi zoezi, nikaenda nyumbani. Alikuwa barazani, kile kitambaa kimetandikwa magotini, karatasi juu yake, kidole kinakwenda polepole chini ya mstari. Hakuinua macho. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, "Mzee wa Tatu a-na-e-le-za kwamba hu-vu-ka ki-ji-to..." Alisoma mpaka mwisho wa yale maneno yake mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, na sikukaa chini.

Kisha akafungua ukurasa wa mbele. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akanong'ona moja, la pili, mbili, la tatu.

"Hapa umetupanga kwa ukubwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na huko ulikosoma, walijua kuwa umetupanga kwa ukubwa?"

"Mgeni aliniuliza."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu."

"Ukajua papo hapo, au ulijua baadaye?"

Ningeweza kusema baadaye. "Papo hapo," nikasema.

Akakiondoa kidole kwenye lile jina. Kuku wawili walikuwa wakigombea kitu pale uani, nikawa nawatazama wale kuku. Nilitaka nilie, ingekuwa heshima kulia, lakini halikutoka hata chozi. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nilitaka kupita."

"Nimesikia," akasema.

Akaifunga karatasi ndani ya kitambaa, akaingia nayo, akatoka amevaa kanzu. Nilimwona akishuka kwenye ule mstari wa nyumba mpaka kwa balozi. Hakuingia uani. Alisimama nje kwenye barabara, akapiga hodi kwa sauti, akangoja pale pale na kofia mkononi mpaka balozi mwenyewe akatoka. Walichozungumza sikijui. Nilichoona ni kwamba baba mkubwa ndiye aliyezungumza sana, na balozi alikuwa ametazama chini, na mwisho akamshika mkono wakaingia ndani. Siku ile walikula sahani moja. Ijumaa wakasimama bega kwa bega msikitini, na kijiji kizima kikashangaa, kila mtu akatunga sababu yake. Balozi aliendelea kuniitikia vizuri na kuniuliza habari za kazi.

Baba mkubwa hakunigombeza. Hakunifukuza, wala hakumwambia mama mkubwa, maana angemwambia ningejua kwa namna ya kuwekewa chakula. Alasiri ya kesho yake alikuja darasani kabla ya wote, akakaa mbele. Nilikuwa nafuta ubao. Nikageuka, nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

Akasimama wima, mikono pembeni, vile nilivyowafundisha watoto kusimama mwalimu anapoingia. Akaniitikia, "Marahaba, mwalimu."

Nilisubiri aongeze neno, akakaa, akafungua kitabu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nikampikia, nikamuuguza, nikamwandikia barua zake alipopofuka, na mpaka tunamzika hakuniita tena mwanangu.